Nahodha wa Maji ya Magotini

Hoyt Padgett alikuwa akianza kupanga safari ya kombe, wale chaza wa magamba mawili, ya mwezi wa Julai kabla baridi ya Februari haijaisha. Wenzake pale mdomoni mwa mto huamka tu asubuhi msimu ukifunguliwa, wakatia barafu kwenye sanduku, wakawasha mashine na kwenda zao kuokota kombe kwenye majani ya bahari. Hoyt hakuwa mtu wa kuamka tu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpangaji wa safari za mabasi ya shule wilayani, na mtu aliyezoea kuyaambia mabasi yapite wapi hawezi kuiachia bahari ijiendee yenyewe. Alipostaafu alitundika ubao mweupe kwenye ukumbi wa nyuma ya nyumba, karibu na jiko la kuchomea nyama, akachora boti kwa kalamu nyeusi na majina ya watu kwa kalamu nyekundu.

Majina yenyewe yalikuwa matano tu, lakini kila jina lilikuwa na kazi yake kama wizara. Twyla, mkewe, alishika chakula: sandwichi za jibini na pilipili tamu, karanga za kuchemsha, na chai ya barafu yenye sukari ya kumtosha nyuki na ukoo wake. Delmar, kaka yake Twyla, fundi wa viyoyozi mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi, alishika nanga. Charlene, mke wa Delmar, alishika mifuko ya wavu, na wakirudi alishika ile mashine ya kufyonza vumbi ambayo pwani hii haifyonzi vumbi. Hufyonza matumbo ya kombe, ibaki ile nyama nyeupe ya kukaanga. Bi Ouida, mama yao Twyla na Delmar, hakupewa kazi, maana hakuna aliyethubutu. Yeye alikuwa wa kwanza kushuka majini na wa mwisho kupanda, na mfuko wake ulijaa kabla ya mifuko ya wote. Na Hoyt mwenyewe? Hoyt alishika kubaki juu.

Kubaki juu ni kazi, asikudanganye mtu. Boti ikiwa na watu majini lazima ipandishe bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, na mtu mwenye akili zake akae karibu nayo, asije mlevi na boti yake akapita juu ya vichwa vya familia. Kila boti ina mtu wake wa bendera. Mara nyingi ni bibi mwenye miguu mibovu, au mja mzito, au yule aliyekesha jana akinywa. Kwenye boti ya Padgett aliyekaa na bendera alikuwa nahodha, na nahodha huyo alikipandisha cheo hicho mpaka kikafanana na ukuu wa mkoa. Alisimama kwenye usukani, miwani ya jua puani, akitangaza kina cha maji, akimwambia Delmar ameenda kulia mno, akimwambia Charlene amevunja mstari, akimkumbusha mkewe kupumua. Jioni, sahani za kombe wa kukaanga zikiwa mezani na uji mzito wa mahindi pembeni, yeye ndiye aliyeeleza jinsi walivyopatikana.

Sasa tuseme wazi, maana yeye alikuwa hasemi: Hoyt hakujua kuogelea. Alikulia bara, kwenye misonobari, ambako maji pekee yalikuwa bwawa la ng'ombe, na kwenye bwawa hilo mamba walishatangulia. Alipokuja pwani kumposa Twyla alikuta ukoo ulioogelea kabla ya kutambaa. Bi Ouida alimkalisha gatini, akamwekea karanga, akamuuliza kama naye ni mtu wa maji. Hoyt, karanga mdomoni na Twyla machoni, akajibu kwamba alipokuwa shuleni aliwahi kuuvuka mto huu pale pale mdomoni, kwenda na kurudi. Bi Ouida akamtazama, akamwongezea karanga. Hakuulizwa tena, na kitu kisichoulizwa huzoeleka.

Basi ikawa mwezi wa Mei, wote wakaketi ukumbini kwa mkutano wa safari. Hoyt alikuwa anafafanua mahali pa kuweka taulo Twyla alipomkata kauli. Mama, alisema, alibadilishwa nyonga majira ya baridi, na daktari amemruhusu kupanda boti lakini amemkataza kuzamia. Kwa hiyo mama atakaa na bendera.

"Na wewe Hoyt mwaka huu utashuka na sisi," akamalizia, kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi.

Kalamu nyekundu ilibaki hewani. Delmar alianza kupiga makofi taratibu. "Hatimaye, shemeji," akasema. "Miaka yote hii nina hamu ya kumwona mtu aliyevuka mto."

Hoyt alicheka pamoja nao, lakini aliona hatari. Delmar alishasema, tena si mara moja na si kwa utani mtupu, kwamba usukani wa boti ungemfaa zaidi mtu anayeijua bahari kutoka upande wa chini. Siku itakapojulikana kwamba nahodha hajui kuogelea, ubao utahamia ukumbini kwa Delmar, na usukani utaufuata. Na Hoyt Padgett atakaa kwenye kiti cha nyuma na sanduku la barafu, akiambiwa apumue. Mabasi alishawaachia vijana. Kilichobaki mkononi mwake ni safari hii, na aliipenda kwa namna ambayo ni aibu kuieleza.

Akaanza kujikwamua. Kwanza alipata ugonjwa wa sikio. Sikio lilimuuma kila mara Twyla alipoingia chumbani, likapona kila alipotoka, mpaka Twyla akaleta dawa ya matone akamtia kwa nguvu huku amemlaza ubavu. Sikio likapona kabisa. Halafu akawa na huruma nyingi juu ya mama mkwe: jua la Julai, boti inayotikisika, nyonga mpya, je, si angepumzika nyumbani mbele ya feni? Bi Ouida alimjibu kwamba atapumzika akifa, na hata hapo anaomba azikwe kilimani ili aone maji. Hoyt akapendekeza wamchukue shemasi mmoja wa kanisani aje kusaidia, mtu hodari sana majini. Charlene akasema shemasi huyo huzungumza mno, na kwenye boti nafasi ya mtu wa namna hiyo imeshajaa.

Ikabidi ajifunze. Alitazama video za watoto wa Kanada wakifundishwa kupiga miguu, sauti akiwa ameipunguza. Kisha alijifungia bandani nyuma ya nyumba, akavaa miwani ya kuzamia, akauma mrija wa kupumulia, akajilaza kifudifudi juu ya benchi la useremala na kuanza kuogelea hewani. Alikuwa amefika mbali sana, pengine katikati ya mto, mlango ulipofunguliwa. Delmar alikuja kuazima msumeno.

Hoyt alitoa mrija mdomoni akaeleza kwamba anakagua kama miwani inavuja.

"Inavuja?" Delmar akauliza.

"Haivuji."

"Hapa bandani haiwezi kuvuja, shemeji," Delmar akasema, akachukua msumeno akaondoka.

Hoyt akiwa bado juu ya benchi, akili ya mabasi ikamrudia. Basi kubwa haliwezi kupita chini ya daraja fupi. Hubadilishi basi, unabadilisha njia. Kombe hukaa kwenye majani ya maji mafupi. Kama maji yenyewe yangemfika kifuani, miguu yake ingekanyaga chini muda wote. Angekunja magoti kidogo, angeinamisha uso, angetupa mikono mbele mmoja baada ya mwingine, na kwa mtu aliye juu angeonekana anaogelea. Kilichotakiwa ni siku na saa ambayo maji yamekupwa vya kutosha, na kupanga siku na saa ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya.

Akazama kwenye majedwali ya kupwa na kujaa kama mtawa na vitabu vyake. Mwishowe akatangaza siku, akachora mishale ya buluu ubaoni, akaeleza kwa kirefu kwamba kombe hupenda kutoka majanini asubuhi maji yakiwa yanashuka. Hilo alilitunga pale pale, na lilipokelewa bila ubishi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akisikiliza. Twyla alikuwa anamenya karanga. Delmar alikuwa amefumba macho.

Siku ikafika, na upepo ukawa wa mashariki. Mtu yeyote wa pwani hii anajua kwamba upepo wa mashariki husukuma maji ya ghuba hii kuelekea nje, yakawa machache kuliko jedwali linavyoahidi. Hoyt naye alijua. Mwaka mwingine wowote angelisema hilo mara saba kabla ya kufika kwenye boya la kwanza. Lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa na jambo moja tu, nalo lilikuwa kifua chake na maji yatakapofika.

Walipofika kwenye majani Delmar akatupa nanga, Hoyt akapandisha bendera, akamkalisha Bi Ouida kwenye kiti cha nahodha akampa maagizo. Asiguse usukani. Asiguse ufunguo wa mashine. Asibonyeze kitu chochote kwenye kile kipima kina, hata kikilia. Kazi yake ni kuangalia bendera. Bi Ouida alivuta kofia yake ya majani mbele, akaweka bakuli la karanga mapajani, akasema ameelewa, bendera.

Twyla, Delmar na Charlene walijitupa majini wakapotea kuelekea ukingo wa majani, kama watoto waliofunguliwa darasa. Hoyt akashuka ngazi kinyumenyume, mkono ukiwa umeganda kwenye chuma, akisubiri kifo. Mguu ukapata mchanga. Maji yakamfika kifuani, barabara kama alivyopanga. Karibu alie kwa shukrani. Akakunja magoti, akauma mrija, akainamisha uso.

Hapo jambo moja halikuwa kwenye ubao. Alikuwa amekula kombe wa bahari hii nusu ya maisha yake bila kuwahi kuona wanakoishi. Majani yalilala upande mmoja kwa pamoja, mwanga ukitembea juu yake, visamaki vyembamba vikipita vikundi vikundi bila kupangwa na mtu. Na katikati ya majani alikaa kombe wa kwanza, gamba limefunguka kidogo, na kwenye mdomo wa gamba safu ya macho madogo ya buluu, mengi, yote yakimtazama yeye. Hoyt alimtazama pia. Alipomnyooshea mkono kombe akapiga magamba akaruka kando kwa kitako, na Hoyt akacheka ndani ya mrija mpaka maji yakaingia. Hakuogopa. Alikohoa, akamfuata, akamshika, akamtia mfukoni. Kisha akaona mwingine.

Akasahau saa. Mtu aliyekuwa akihesabu dakika za mabasi alisahau saa, Delmar, nyonga, kila kitu. Alitembea na magoti yaliyokunjwa, mikono ikipiga mbele zamu kwa zamu kama alivyowaona wale watoto wa Kanada, na kombe walikuwa wengi ajabu. Maji yalipopungua alikunja magoti zaidi. Yalipopungua tena alipiga magoti. Mgongo ulianza kumwunguza jua, akadhani ni kawaida ya waogeleaji.

Wale watatu waliporudi kutoka ukingoni hawakurudi kwa kuogelea. Walirudi kwa miguu, mapezi ya mpira mkononi. Boti ilikuwa imelala ubavu kidogo juu ya majani, haina maji ya kuelea. Na mbele ya boti, kwenye maji yasiyofika paja, nahodha wao alikuwa anatambaa kwa magoti, mgongo mkavu kabisa, mrija umesimama juu, akitupa mikono yake kwa ustadi na kuirudisha, kulia, kushoto, kulia. Walisimama wakitazama. Waliheshimu, nadhani, au pumzi iliwaishia.

Bi Ouida ndiye aliyesema, kutoka kitini.

"Hoyt, mwanangu. Inuka, utachubuka magoti."

Hoyt aliinua uso. Akawaona wote wanne. Akaona boti. Kwa kuwa hakujua afanye nini na aibu yake akaamua kuwa mkali, akauliza kwa sauti ya ofisini ni nani aliyeiacha boti ikakwama, akaongeza kwamba mama aliambiwa aangalie.

"Niliambiwa niangalie bendera," Bi Ouida akasema. "Nimeiangalia. Haijaenda popote."

Hapo Delmar alikaa chini ndani ya maji kwa kucheka. "Shemeji," akasema alipoweza, "umepanga mpaka bahari imekwisha."

Boti haingetoka mpaka maji yarudi, na maji yangerudi alasiri. Hoyt alisimama, magoti mekundu, mfuko uliojaa ukining'inia mkononi, akiona ubao wake unang'olewa ukutani. Akaona heri afe mara moja.

"Sijui kuogelea," akasema. Aliyaambia maji, si wao. "Sijawahi kujua."

Charlene alimpokea Bi Ouida bakuli akachagua karanga.

"Tunajua," Twyla akasema.

Hoyt akauliza wanajua tangu lini. Bi Ouida akasema yeye alijua tangu siku ile ya gatini. Mtu aliyevuka mto pale mdomoni hana habari nyingine ya kusimulia isipokuwa mkondo ulivyotaka kumwua, na Hoyt alisimulia mto mzima bila kuutaja mkondo. Wengine aliwaambia mwenyewe, jioni ile ile, kabla ya harusi hata kupangwa.

"Na mkaniacha miaka yote hii?" Hoyt akauliza. Alimgeukia Delmar. "Si ulikuwa unautaka usukani?"

"Niutake wa nini?" Delmar akasema. "Nikiwa na usukani nitashuka saa ngapi?"

Hilo lilimchanganya kuliko kicheko. Akamtazama mkewe amweleze, na Twyla akachezea mpira wa miwani yake, mpaka ikaonekana kwamba jibu lipo na si zuri.

"Hoyt, nakupenda, na unajua," akasema. "Lakini mwaka mzima unatupangia, mpaka upande wa kulalia. Chini ya maji hatukusikii. Ni saa chache tu kwa mwaka. Tungekufundisha kuogelea, ungetufuata huko."

Charlene alitazama upande mwingine. Hoyt alijaribu kukasirika na hasira ikamkatalia. Kilichokuja ni maumivu, mazito na ya kijinga, kama ya mtoto aliyegundua kwamba mchezo uliendelea vizuri zaidi alipoitwa nyumbani. Alikaa juu ya ngazi ya boti peke yake kwa kitambo kirefu. Walimpa sandwichi, akaila. Hakumwagiza mtu yeyote kitu chochote, na jambo hilo liliwatisha wote.

Maji yalianza kurudi polepole, yakalamba majani, yakapanda. Delmar alipanda kwenye usukani ili awe tayari boti itakapoelea. Bi Ouida naye akashuka ngazi hatua moja moja, akimshika Hoyt bega. Twyla akamkumbusha daktari. Bi Ouida akasema daktari alikataza kuzamia, na hapa hakuna pa kuzamia. Akamshika mkwewe mkono akamwongoza mahali maji yalipofika kiunoni, akamwambia alale chali.

"Mama, siwezi."

"Huna kazi ya kufanya hapo. Ndiyo maana unaona huwezi. Legeza shingo, mwanangu."

Alilala. Kiganja cha mama mkwe kilikuwa chini ya kichwa chake, kigumu na kimya, na si jambo dogo mwanamume kushikwa kichwa na mkwewe mchana kweupe. Miguu ilijaribu kuzama, kisha ikaacha. Maji yakamfunika masikio.

Delmar kule juu alikuwa amekaa kwenye kile kiti, na kiti kile kina ugonjwa wake. Alikuwa amesimama sasa, mkono umenyooka, anamwonyesha Charlene pa kushika nanga, anamwonyesha Twyla pa kusukuma, na ilionekana anamwambia Hoyt pia namna bora ya kuelea. Mdomo wake ulifunguka na kufungwa, ukafunguka tena. Hoyt hakusikia hata neno. Alisikia maji tu, na ndani ya maji vijisauti vidogo vya kombe wakifunga na kufungua magamba.

Bi Ouida aliinama akamwonyesha kwa ishara kwamba boti imeelea, waende. Hoyt akafumba macho, akamwomba asimnyanyue kwanza.